Mrejesho: printa iliyokuwa ikitoa picha nyeusi-nyeupe zenye ukijani

Asanteni nyote mliojibu swali langu kuhusu printa yangu ya wino. Mistari myeupe iliyokuwa ikikata picha imeisha, na kijivu hakigeuki kijani tena.

Kipimo cha matundu (ukurasa wa majaribio unaoonyesha kama matundu ya wino yameziba) kilionyesha mapengo kwenye majenta, yaani wino wa waridi iliyokolea. Ukijani ulitoka hapo: kijivu cha printa hii huchanganywa na rangi zote tatu, na majenta ikipungua, samawati na manjano hutawala. Wino mweusi ulikuwa mzima, ndiyo maana maandishi yalitoka safi.

Kusafisha kwa programu hakukutosha, na kila mzunguko humwaga wino kwenye sponji ya taka, kwa hiyo mlionishauri niache mlisema kweli. Kasoro ilikuwa kwenye kifuniko cha mpira ambapo kichwa (sehemu inayorusha wino) huegeshwa. Wino ulikuwa umegandia ukingoni, hakifungi sawasawa, hewa inaingia. Hata na unyevu wetu wa Mombasa, chumba chenye AC hukausha wino.

Washa printa, kichwa kikisogea katikati chomoa umeme. Futa ukingo wa mpira kwa kitambaa kisichoacha nyuzi (pamba huacha), kilicholoweshwa maji safi ya kujazia betri. Asidi ya betri usiguse kabisa! Dondoshea matone machache ya maji hayo kwenye sponji ya kifuniko, sukuma kichwa taratibu kirudi mahali pake, acha usiku kucha. Asubuhi kipimo kilitoka kamili.

Karatasi ya mati (isiyong'aa) nayo ichaguliwe kwenye mipangilio. Ukiacha ya kung'aa, weusi hutoka kama majivu.