Ukoo wa Bibi Sengerema 🙏

JUMANNE, TAREHE 24

20:02 Mama Neema: Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu, mada ni Baba Kulwa. Msijifanye hamjui. Kiwandani kwa samaki wamepunguza watu na yeye yumo. Barua kapewa tarehe 3. Mimi dada yake nimeambiwa juzi na muuza mkaa wa Igoma. Muuza mkaa!

20:04 Mama Neema: Hali ilivyo. Kodi imeisha, vyumba viwili 80,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka ya miezi 6 kwa mkupuo, 480,000. Ada ya mapacha awamu hii 600,000 wote wawili. Shija bado ananyonya. Naanza na 100,000. Anayefuata?

20:19 Mama Neema: Nimeangalia, watu 14 wameshasoma. Nawaona.

20:21 Bahati: Shikamoo dada. Mimi nafuata, ila kwa nyuma kabisa 😂

20:21 Mama Neema: Marahaba. Bahati, leo sitaki.

20:23 Bahati: Basi 20,000, Ijumaa.

20:23 Mama Neema: Na ya kutolea.

20:24 Bahati: Ya kutolea tena! Si anaishi mlango wa pili na wakala?

20:30 Rehema: Shikamooni wote. Mama mkubwa, kabla ya michango, barua ya Mjomba inasemaje hasa? Kama ni kupunguzwa, kuna taarifa ya siku 28 au walipe badala yake, kuna likizo ambayo hakwenda, na kiinua mgongo, siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka. Ana miaka 9 kazini, hizo ni siku 63. Na kama utaratibu haukufuatwa, malalamiko yanapelekwa CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku 30 tangu aachishwe. Tangu tarehe 3 mpaka leo ni 21. Zimebaki 9!!

20:33 Bahati: Siku 63 ni bondo ngapi hapo, vile vibofu vya sangara vya bei mbaya? Mjomba angekuwa anatoka na bondo moja tu kwenye buti kila siku, leo tunachangishana kwenye ghorofa lake Capri Point

20:33 Kaka Masanja: 😂😂😂

20:34 Shemeji Joji: Wanapekuliwa getini mpaka soksi, wewe

20:34 Bahati: Ndiyo maana nikasema buti, sikusema soksi

20:36 Mama Pendo: Samahani kuingilia. Vitenge vya sare ya harusi ya Pendo bado watu 6 hawajalipa. Fundi ananisumbua.

20:37 Rehema: Jamani, siku 9.

20:40 Mama Neema: Rehema mwanangu tumekusikia, hayo ya barua atayafuata mwenyewe. Kwanza watu wale. Mimi nimeshapanga hivi: Kulwa aje kwangu Nyegezi, Doto aende kwa Deus Geita. Mama Kulwa na Shija wakae kwao Misungwi kidogo. Vyumba wavirudishe. Baba Kulwa akiwa peke yake atajua pa kuanzia, hata visiwani kwenye dagaa.

20:58 Kaka Deus: Doto aje kwangu, nani kaniuliza?

20:58 Mama Neema: Si ndiyo nakuuliza.

21:01 Kaka Deus: Hukuniuliza, umepanga. Nitachangia, ni ndugu yangu. Ila mwaka 2021 mimi nilipokwama huku, kikundi hiki kilikuwepo na kilikuwa kimya. Na mashine ya boti je? Aliyeiuza yumo humu anasoma.

21:02 Mama Neema: Deus. Ya mashine tuliyamaliza kwa Bibi.

21:03 Kaka Deus: Mliyamaliza ninyi. Mimi sikukaa hicho kikao.

21:04 Mama Neema: Pesa ilikwenda hospitali Bugando, na unajua ilikwenda kwa ajili ya nani.

21:05 Kaka Deus: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

21:06 Shemeji Joji: Duh

21:07 Bahati: Mimi nilishaiona kabla haijafutwa 🙈

21:07 Mama Neema: Bahati nyamaza.

21:31 Simu ya Bibi (Sengerema): 🎤 3:12

21:40 Simu ya Bibi (Sengerema): Ni mimi Tatu. Bibi kaongea Kisukuma, anasema niwaandikie wasiosikia, nisipunguze. Anasema hivi. Nani kasema Kulwa alale Nyegezi na Doto alale Geita? Doto nilimpokea kwa mikono hii, Kulwa akiwa analia kwenye kanga yangu. Hao hawagawanywi kama mafungu ya dagaa. Ya mashine asiyataje mtu mpaka mimi niwe nimezikwa. Na mwanangu aje mwenyewe hapa aniambie kazi imeisha. Mimi nisiwe mtu wa kusikia kwa simu ya mtoto.

21:41 Simu ya Bibi (Sengerema): Amemaliza. Amekwenda kulala.

22:09 Kaka Masanja: Tumesikia Bibi. Wabeja.

22:10 Mama Neema: Tumesikia.

23:47 Mama Kulwa: Shikamooni. Samahanini, nilikuwa nambembeleza Shija. Nawashukuru wote, wifi asante sana. Ya ada msihangaike, nimeshakwenda shule ya serikali hapa jirani, mwalimu kasema niwapeleke na barua ya uhamisho. Ni ada tu haipo, sare na madaftari tutatafuta.

23:52 Mama Kulwa: Shida yangu ni huyu. Anaamka saa 10 alfajiri kama zamani. Anavaa yale mabuti meupe, anawaaga watoto, anatoka. Jioni anarudi saa ileile ya shifti. Siku ya kwanza nilidhani anakwenda kufuatilia haki zake. Kuna mtu kamwona soko la samaki Mwaloni amekaa kwenye magunia, hanunui, hauzi. Mabuti yanarudi makavu. Jana Doto kamrukia mlangoni, kamnusa, akaja kuniuliza jikoni: mama, mbona baba hanuki samaki siku hizi?

23:53 Mama Kulwa: Nilikosa la kumjibu. Usiku mwema.

JUMATANO, TAREHE 25

06:10 Kaka Deus: Mama Kulwa angalia simu, nimetuma 150,000. Na ya kutolea. Ya mashine yapo palepale.

06:12 Mama Neema: Asante Deus.

07:30 Rehema: Shikamoo Mjomba. Naomba unipigie picha ile barua, kurasa zote.

12:52 Baba Kulwa: Shikamoo dada. Nimesoma yote. Msimlaumu mama Kulwa.

12:53 Baba Kulwa: Marahaba Rehema. Karatasi ziko mbili. Moja ni barua, nyingine nilisaini nikabaki na nakala. Tulikuwa kwenye foleni, ukisoma sana wa nyuma wanakusukuma. Samaki wenyewe hawaji, tangu mwaka jana shifti zilishafika siku 2 kwa wiki. Nikaona nibishane na nani.

12:55 Rehema: Hiyo nakala ina neno "hiari" au "makubaliano", Mjomba? Kama inasema umeacha mwenyewe, fao la kukosa ajira la NSSF linaingia mashakani. Umeshapita miezi 18 ya kuchangia, ungelipwa theluthi ya mshahara kwa miezi 6.

12:58 Baba Kulwa: Theluthi ni 140,000. Kodi na unga.

12:59 Mama Neema: Haya. Jumapili saa 8 mchana wote Sengerema kwa Bibi, Baba Kulwa akiwa mbele. Daraja la Busisi lipo, habari ya kusubiri pantoni ilikwisha. Nani ana gari?

13:15 Mama Pendo: Jumapili ni kikao cha harusi, mlishaambiwa.

13:16 Mama Neema: Basi Jumamosi.

13:17 Rehema: Jumamosi zitakuwa zimebaki 5, na ofisi zimefungwa. Mjomba, twende kesho asubuhi mimi na wewe, CMA kwanza, kwa Bibi baadaye.

13:18 Mama Neema: Kwa Bibi kwanza. Umesikia alichosema.

13:40 Bahati: Gari la Joji lipo ila halina mafuta, kama mwenye gari

13:41 Shemeji Joji: 😂 Mafuta yachangwe

14:26 Baba Kulwa: 📷 Picha

14:27 Rehema: Mjomba, naona kidole chako na nusu ya nembo. Rudia, weka karatasi mezani.

14:27 Rehema: Na kesho saa 2 nakusubiri kituoni?

15:03 Mama Pendo: Vitenge, bado watu 5.