Nitaendeleaje kupiga picha za bendi kwa mapenzi tu?

Mwalimu wa Mwanga anauliza:

Ndugu zangu, salamu kutoka Kigoma. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na kwa miaka miwili sasa, kila Alhamisi jioni nikishamaliza kusahihisha madaftari, huchukua kamera yangu ya mtumba na kwenda kwenye ukumbi mdogo wa hapa Mwanga ambako bendi moja ya muziki wa dansi hufanya mazoezi. Mara ya kwanza sikwenda kwa ajili ya picha. Nyumba ninayopanga iko nyuma ya ukumbi huo, na sauti ya gitaa la solo ilikuwa ikinifuata hadi jikoni, basi siku moja nikaona heri niende nikamwone anayelipiga. Kamera niliibeba wiki ya tatu, na tangu siku hiyo sijaweza kuiacha nyumbani.

Ninachokipenda hasa ni yale yanayotokea kabla na baada ya wimbo: uso wa mpiga besi anapoinama kusikiliza kama nyuzi zimekaa sawa, mikono ya mpiga tumba inapotulia hewani kabla haijashuka, watoto wa jirani waliobanana dirishani. Yupo pia kijana mmoja wa mtaani anayekuja na daftari la kuchorea na kuketi kando yangu. Baadhi ya michoro yake huitoa kwenye picha zangu, na kwa kukaa pamoja mimi nimemwonyesha namna mwanga unavyoanguka, naye amenifundisha kuona mistari ya mwili wa mtu anayecheza.

Sasa nina mambo yanayonisumbua. Kwanza, maonyesho ya Jumamosi hufanyika usiku, taa ni chache na za rangi, na picha zangu nyingi hutoka na ukungu au na mistari myeusi iliyokatiza. Pili, watu wameanza kuniita kwenye harusi na kipaimara, na mwezi uliopita niliiona picha yangu kwenye bango la onyesho bila mtu yeyote kuniuliza. Lakini linaloniuma zaidi ni kwamba siku hizi nikirudi nyumbani naweza kuhesabu picha nilizopiga, ila siwezi kukumbuka nyimbo zilizopigwa. Mwenzangu mmoja kazini aliniambia kwamba nisijisumbue, kwa kuwa hii si sanaa, kila mwenye simu anaweza kuifanya. Naomba ushauri wa wale waliopita njia hii.

Mpiga picha wa Kibirizi anajibu:

Mwalimu, mimi ninaishi kwa kamera, kwa hiyo nianze na taa, maana hilo lina dawa.

Lenzi inayokuja na kamera nyingi za kuanzia ni ya milimita 18 hadi 55, na ukiivuta hadi mwisho tundu lake la mwanga hufunguka kwa f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu huwa pana zaidi). Tafuta lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, hata ya mtumba. Hiyo huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi ya ile yako ikiwa imevutwa, na ndiyo lenzi ya bei nafuu kuliko karibu zote. Weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia, kwenye 1/125 ya sekunde kwa mwimbaji aliyetulia na 1/250 kwa wachezaji, kisha uiache ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande hadi 1600 au 3200 bila kuogopa chembechembe. Picha yenye chembechembe bado inamwonyesha mtu, lakini picha iliyotikisika hakuna programu itakayoiokoa.

Ile mistari myeusi haitoki kwenye ubovu wa kamera yako. Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ikiwa ya haraka mno hukamata sehemu ya picha wakati taa imefifia. Jaribu 1/100, na mara nyingi mistari itapungua au itatoweka. Ukitumia 1/100, subiri mtu atulie kidogo, kwa mfano mwimbaji anapovuta pumzi au anaporudi nyuma kuachia kipaza sauti. Usisimame mbele yake moja kwa moja, kwa sababu kipaza sauti kitamfunika mdomo. Sogea hatua mbili kando. Wanaotumia simu nao wajue kwamba ule mpangilio wa simu wa kupigia picha usiku huunganisha picha kadhaa zilizopigwa kwa kufuatana, ndiyo maana mpiga ngoma hugeuka moshi.

Kuhusu harusi, nitasema wazi kwa kuwa ndiko ninakopata ugali: usikubali kama moyo haupo. Kwenye harusi mtu hulipia picha anazozijua tayari kichwani mwake, na kazi yako ni kumpatia hizo hizo. Kwenye mazoezi ya bendi hakuna aliyekuagiza chochote, na uhuru huo ukiuuza kwa bei ya picha za kipaimara utakuwa umeuza kitu ambacho mimi mwenyewe nimekuwa nikikitafuta upya kwa miaka mingi. Na jambo la mwisho: futa. Ukipiga picha mia mbili, baki na kumi.

Mpiga gitaa wa Ujiji anajibu:

Dada mwalimu, naomba niseme kwa niaba ya tunaopigwa picha, kwa sababu sisi hatuulizwi mara nyingi.

Kamera hatuichukii. Tunachochoka nacho ni flashi, ambayo ikimulika usoni katikati ya solo huniondolea macho kwenye nyuzi kwa muda unaotosha kuniharibia mstari mzima, na pia mtu anayesimama mbele ya watu waliolipa kiingilio kana kwamba onyesho limeandaliwa kwa ajili yake. Wewe unakuja kwenye mazoezi, unakaa, unasikiliza. Huyo tayari ni mtu wa nyumbani.

Umesema hukumbuki nyimbo. Nadhani hapo ndipo penye tatizo lote, hata lile la picha zenye ukungu. Muziki wetu wa dansi una mpangilio: wimbo huanza taratibu, mwimbaji anasimulia, waitikiaji wanapokea, halafu gitaa linabadilika na tunaingia kwenye chemko, ile sehemu ya kasi ya kucheza. Anayeufahamu wimbo anajua chemko liko mistari miwili mbele, anajua mpiga dramu atamtazama mpiga besi kabla ya kugeuza, na anajua ni lini mwimbaji atafumba macho. Mpiga picha asiyesikiliza hubonyeza mfululizo akitumaini kubahatisha, ilhali anayesikiliza hubonyeza mara moja kwa sababu alikwisha kufika pale kabla yetu. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba nusu ya kwanza ya mazoezi uiache kamera ndani ya mfuko. Itoe nyimbo zinapoanza kurudiwa.

Kuhusu bango, hapo bendi imekosea, hata kama haikukusudia ubaya. Mwone kiongozi wao pembeni, mwambie kwa upole kwamba picha mnaweza kuitumia ila mniulize na mwandike jina langu chini. Sisi wenyewe tunalia kila siku kwamba nyimbo zetu hupigwa bila idhini, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayotulinda sisi inailinda picha vilevile. Hatuwezi kudai haki hiyo kwa mkono mmoja na kuinyima kwa mkono mwingine.

Mkongwe wa Tabora anajibu:

Wanangu, nimesoma haya nikiwa Tabora, na nimeona nisikae kimya.

Mji wetu huu ulikuwa mji wa bendi. Kiko Kids ya Salum Zahoro ilikuwa hapa, Tabora Jazz ilikuwa hapa, Nyanyembe Jazz ilikuwa hapa, na reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ilitufanya sisi na ninyi kuwa wateja wa muziki mmoja. Shem Karenga, aliyetamba na Tabora Jazz, alikuwa mtu wa huko kwenu Kigoma. Sauti za bendi hizo zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam, na hadi leo nikizisikia najua nilikuwa nimesimama wapi ukumbini. Lakini nyumbani kwangu, katika miaka yote ile ya kwenda dansini, nina picha moja tu, na ndani yake kuna watu sita ambao wanne kati yao siwezi tena kuwataja. Nyuma ya picha hapakuandikwa kitu. Marafiki waliokuwa wakiwajua wamekwisha kutangulia mbele ya haki.

Kwa sababu hiyo nampinga kwa heshima kijana wa Kibirizi anayesema ufute. Mwalimu, chagua kumi za kuwaonyesha watu, sawa, lakini zile nyingine usiziharakishe kuziua. Ile uliyoiona mbaya kwa kuwa mpiga tumba amegeuza uso, huenda nyuma yake kuna spika iliyotengenezwa kwa mbao na fundi wa mtaani, au yupo mama anayeuza karanga mlangoni, na baada ya miaka thelathini watu wataitafuta kwa ajili ya huyo mama. Hifadhi nakala mbili mahali pawili tofauti. Andika majina kamili, chombo anachopiga kila mmoja, mahali na tarehe. Wewe ni mwalimu, kuandika kwa mpangilio ndiyo kazi yako, na nina hakika hutashindwa. Piga pia picha za wasikilizaji, nguo walizovaa, bango lililoandikwa kwa mkono, mlango wa ukumbi. Wapigaji wana sauti zao za kukumbukwa nazo, lakini waliokuja kucheza hawana kitu kingine.

Mchoraji wa Katubuka anajibu:

Shikamoo mzee wetu wa Tabora. Mimi ni mama ninayechora, na nataka kumjibu yule mwenzake mwalimu aliyesema hii si sanaa.

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora kule Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi ya kung'arisha, ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Vifaa hivyo alikuwa navyo kila mtu. Alichokuwa nacho yeye ni namna yake ya kuona, na leo mtindo mzima wa uchoraji unaitwa kwa jina lake. Simu kuwa mkononi mwa kila mtu hakumpi kila mtu subira ya kukaa Alhamisi mia moja akiutazama mkono wa mpiga tumba.

Yuko mwingine ninayependa umjue, mwalimu. Malick Sidibé wa Bamako, nchini Mali, katika miaka ya 1960 alizunguka kwenye dansi za vijana usiku wa mwisho wa wiki, akarudi studio kusafisha picha, kisha akazitundika nje ya studio ili vijana waje wajione na kuchagua zao. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, lakini picha zile zilikuwa zimepata watazamaji wake wa kwanza palepale mtaani, wakicheka na kunyoosheana vidole. Ningekuwa wewe ningeanza hivyo hivyo. Safisha picha kumi na mbili, funga kamba ukutani kwenye ukumbi wa mazoezi, zibane kwa vibanio vya nguo, na michoro ya yule kijana uiweke katikati yake. Kila mwenye sura yake aondoke nayo mwisho wa siku.

Wale watoto wa dirishani nao waombee ruhusa kwa wazazi wao kabla hujawatundika au kuwaweka mtandaoni. Na kijana naye umfundishe kuandika chini ya mchoro kwamba ameutoa kwenye picha yako, akizoea mapema haitamwia vigumu baadaye.

Mwalimu wa Mwanga anarudi:

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma maneno yako kuhusu watu sita mara kadhaa, na jana usiku nimeanza kuandika majina. Nimegundua kwamba mpiga besi, ambaye nina picha zake zaidi ya mia nne, nilikuwa namjua kwa jina la utani tu.

Ndugu wa Kibirizi, leo mazoezini nimejaribu 1/100 na mistari imekwisha kwenye taa zote isipokuwa ile ya kijani iliyo juu ya dramu. Nitafanya kama ulivyosema kuhusu lenzi nikipata mshahara. Harusi mbili nilizokuwa nimeahidi nitazipiga kwa sababu nimekwisha kutoa neno langu, na baada ya hapo nitawaelekeza watu kwako.

Kiongozi wa bendi nimezungumza naye. Ameniomba radhi, na ameuliza kama ile kamba ya picha inaweza kufungwa upande wa dirishani, ili wasioingia ukumbini nao wazione. Wazazi wa watoto watatu wamekubali. Mama wa wa nne amesema atakuja mwenyewe Alhamisi kuitazama kwanza.

Kaka wa Ujiji, kamera ilikaa mfukoni hadi wimbo wa tano. Nyimbo zote tano nazikumbuka.