Msaada: dawa ya mizizi ya ini, nani katumia akapona kabisa?

mtu_wa_lori: Wakuu heshima kwenu. Nina dumu la lita 5, mizizi imechanganywa na magome ya mwarobaini na mshubiri, nakunywa kikombe asubuhi na jioni kabla sijala, chungu hakuna mfano. Leo siku ya 16. Swali langu dogo tu, macho kuwa ya njano ndo sumu inatoka? Mzee aliyenipa anasema ndio. Msinitukane jamani nina mawazo.

Binti Makorora: Pole kaka. Bibi yangu Muheza alitukuza kwa mwarobaini, si ndo maana ukaitwa hivyo, magonjwa arobaini. Ila yeye alichemsha majani kidogo, siku 3 basi, sio dumu zima. Mimi nilikuwa nakimbilia juu ya mwembe, anakaa chini na kikombe chake ananisubiri mpaka magharibi.

Kisu Butu: 2011 nililala siku 4 kwenye foleni Loliondo kwenda kunywa kikombe cha Babu, sh 500, mti wenyewe mugariga. Mjomba alikunywa ila mkewe alibeba vidonge vyake vya sukari kwenye pochi akammezesha palepale, mpaka leo yupo anafuga bata. Mimi nilirudi na springi za gari zimekatika.

sista wa zamu: Mkuu, nani alikwambia ini linaumwa? Ulipima nini?

mtu_wa_lori: Gesi tu na uchovu.

sista wa zamu: Gesi haigeuzi macho. Kipimo kilisemaje?

mtu_wa_lori: Sawa. Homa ya ini B. Niligundulika mwaka jana nilipoenda kuchangia damu, nikaanzishiwa tenofovir kidonge kimoja kila siku. Mzee akasema haviendi pamoja na dawa yake nikaviacha. Na wenyewe si walinambia vidonge havimalizi virusi, sasa ninywe mpaka kufa kwa faida gani, halafu kila nikienda dirishani watu wanadhani nina ngoma (UKIMWI) maana wenye ngoma nao wanaimeza. Mzee nimeshampa 150,000, nusu nyingine nikimaliza dumu.

Mtumishi: Acheni pombe na michepuko vijana. Ini halidanganyi.

mtu_wa_lori: Mtumishi mimi sinywi.

sista wa zamu: Kaka nisikilize. Hicho kidonge kazi yake ni kuwabana virusi, hakiwatoi. Ukikiacha ghafla wanaweza kuamka kwa hasira na ini likavimba. Na hapohapo umelitwisha dumu, mshubiri wenyewe una watu ushawaumiza ini, na hiyo mizizi mingine hata jina hujui. Kipi kimekufanya njano huwezi kujua kwa macho, ni damu ipimwe. Huyo mzee kasajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala?

mtu_wa_lori: Ni mtu anayeheshimika sana huku kwetu. Na uchovu ulipungua kweli wiki ya kwanza.

Jicho Kavu: Chai hii. Akaunti ina wiki mbili. Subirini kesho anarudi "wakuu nimepona" na namba ya mzee chini yake. Tulianza na nyuzi za mlonge, zikaja za manjano, sasa dumu.

Kisu Butu: 😂 Hata mimi nimenusa. Weka picha mkuu.

mtu_wa_lori: Nimeweka. Dumu ni la mafuta ya kupikia, lebo nimebandua nusu. Hilo kopo pembeni ndo vidonge.

Jicho Kavu: Dumu kila nyumba lipo.

sista wa zamu: Mkojo una rangi gani?

mtu_wa_lori: Kama chai ya rangi.

Jicho Kavu: Si nilisema chai.

Binti Makorora: Jicho Kavu acha utoto, mtu anaumwa.

sista wa zamu: Usilale na hilo jambo, nenda leo hii. Ukianza kutapika, kusinzia hovyo au kuongea vitu havieleweki ndo utabebwa. Una mke?

mtu_wa_lori: Ninaye.

sista wa zamu: Kapimwa? Kachanjwa?

mtu_wa_lori: Ana mimba ya miezi 7. Hajui chochote. Vidonge nilikuwa naficha kwenye tulubox ya gari.

Mtumishi: Mungu wangu.

sista wa zamu: Basi apimwe naye. Mtoto anatakiwa chanjo ndani ya saa 24 tangu azaliwe, ulizieni mapema inapatikana wapi, msisubiri uchungu uanze. Na mama akikutwa nayo kuna dawa anapewa kupunguza hatari ya kumwambukiza mtoto.

mtu_wa_lori: Nikienda na hiyo dawa watanicheka?

sista wa zamu: Wacheke. Mimina kidogo kwenye chupa, watataka kujua ulikunywa nini. Kopo la vidonge nalo beba.

Kisu Butu: Chupa iandike mkuu, asije mtu akadhani juisi ya ukwaju.

mtu_wa_lori: Nimeshamimina. Mke kaniuliza hiyo ni nini.