Karavani Wales wiki nzima ya Agosti, watoto wanataka michezo ya maji na mama hajui kuogelea

MamaTatu
Habari za jioni wadau, hasa mlioko Uingereza. Naombeni mawazo maana hapa nyumbani tumeshabishana mpaka basi. Tumekodi karavani karibu na Tenby, mji wa pwani huko Wales, zile zisizotembea, unaikuta imeshasimamishwa na vitanda na jiko la gesi ndani. Wiki moja ya Agosti, sisi wawili na watoto watatu, wa miaka 14, 10 na 6. Tulishaenda mwaka juzi, tukakaa kula chipsi na kuangalia mvua dirishani, burudani ikawa watoto kuvua kaa bandarini kwa kamba na kipande cha samaki halafu eti wote unawarudisha majini, mume wangu mtu wa Tanga nusura alie.

Mwaka huu wamegoma. Mkubwa anataka kuteleza mawimbi, wa kati kaona video za ule ubao unasimama juu yake unapiga kasia basi haongei kingine, na baba yao naye kasikia habari za koustiringi, ile mnavaa helmeti mnapita chini ya majabali, mnaruka baharini, mnaogelea, mnapanda tena. Ana miaka 46 na goti bovu. Mimi mtu wa Morogoro, maji nayajua ya kwenye ndoo. Sitaki kuwa yule mama wa kukaa ufukweni kashika mataulo matano ila nikiikumbuka ile bahari ilivyo ya kijivu tumbo linanikata.

Sasa huyu wa miaka 6 anaweza kipi? Kuna haja ya kulipia mwalimu au tununue vifaa wenyewe, maana ubao wa kupuliza nimeuona supamaketi na bei si mbaya. Na asiyejua kuogelea anaingia wapi hapo?

Nahodha_Mstaafu
Mleta mada usinunue huo ubao. Au nunua ila soma hii kwanza.

Mimi niliununua. Tulikuwa pande hizohizo, tunavuta karavani yetu wenyewe, asubuhi bahari imelala kama chai kwenye sahani, jua linawaka, nikasema leo ndo leo. Kijana wangu ana miaka 12, anaogelea vizuri tu bwawani. Akapanda, akasimama, tukampigia makofi. Kilichonidanganya ni hiki, upepo ulikuwa unatoka nchi kavu kwenda baharini na pale ufukweni tumekingwa na jabali nyuma yetu kwa hiyo hatuusikii kabisa, maji yametulia kwa sababu hiyohiyo. Alipotoka nje kidogo ya kivuli cha lile jabali upepo ukamkamata, na mtoto aliyesimama wima juu ya ubao wa kupuliza ni tanga kamili. Dakika chache tu namuona mdogooo. Nikapiga kelele alale kifudifudi apige maji kwa mikono, hiyo ilisaidia akaacha kwenda kasi lakini kurudi harudi. Bahati kulikuwa na mzee mmoja na kayaki yake akamfuata akamvuta. Mimi nimesimama na maji ya magoti nimeshika simu sijui nampigia nani. (Ni 999, unaomba Coastguard, yaani walinzi wa pwani. Sikuwa najua, nilidhani ni polisi na zimamoto tu.)

Mtu wa Tanga uliye naye anaujua umande, ule upepo wa alfajiri unaotoka bara unatoa ngalawa nje. Wavuvi wanatoka nao kwa sababu wanajua baadaye upepo utageuka uwarudishe. Huku usitegemee kugeuka, unaweza kuvuma hivyo kutwa nzima. Ufukwe wenye walinzi ukiona ule mfuko wa rangi ya chungwa umepandishwa mlingotini maana yake ndo hiyo, kitu chochote cha kupuliza kisiingie majini, hata boya la mtoto.

Tena ile kamba ya mguuni asiivue hata kwa dakika moja, ukianguka ubao ndo boya lako. Hiyo ni baharini, mtoni kwenye mkondo usifunge mguuni, ikinasa kwenye mti inakuzamisha, kule wanatumia ya kiunoni unayoifyatua haraka.

kaa_wa_bandarini
Kwani Tanga bahari imekauka? Nauli ya karavani ungewaleta watoto Raskazone wakaoga maji ya moto 😂

MamaTatu
@kaa_wa_bandarini tiketi tano za ndege mwezi wa nane utanilipia wewe?

@Nahodha nimemsomea mume wangu hapo kwenye umande kanyamaza kimya, halafu kasema babu yake angemchapa. Ubao wa supamaketi umeshafutwa. Sasa mimi nisiyejua kuogelea je?

Bi_Swansea
Dada mimi nilikuwa wewe. Nimezaliwa Unguja, nyumba yetu na bahari ni hatua mia, na kuogelea sikufundishwa kwa sababu wanaooga baharini walikuwa wavulana, wasichana tunaishia kuchota mchanga. Nimejifunza kuteleza mawimbi nikiwa na miaka 39, ufukwe wa Llangennith kule Gower karibu na Swansea, na bado kuogelea kwangu ni kwa kubahatisha.

Siri ni kwamba somo la kwanza lote mko kwenye maji ya kiunoni. Niliwaambia kabla sijalipa kwamba siogelei, wakanipangia mwalimu awe karibu yangu, ukiona wanakujibu "haina shida" bila kukuuliza kitu tafuta wengine. Ubao wenyewe ni wa sponji mrefuu, unalala kifudifudi, mwalimu anaushika kwa nyuma, wimbi likija anausukuma. Ile mara ya kwanza unapelekwa mpaka mchangani nilipiga ukelele Waingereza wote wakageuka. Kusimama sikusimama siku hiyo wala ya pili.

Na kama unavaa hijabu kama mimi usiwaze, wetisuti, lile vazi la mpira la kuzuia baridi majini, imekufunika toka shingoni mpaka kwenye kifundo cha mguu, mimi navaa na bukta pana juu yake na kilemba cha kuogelea basi. Shughuli ni kuivaa. Ukiwa na maji mwilini haipandi, utaruka na mguu mmoja kwenye karavani mpaka majirani wadhani kuna ngoma. Vaa mifuko ya plastiki miguuni kwanza inateleza yenyewe. Kuivua ndo usiseme. Na mkirudi mkazitundika tano kwenye kile kibafu cha karavani hamtalala kwa harufu, zitundikeni nje, maana kila mtu anakojoa mle asikudanganye mtu.

Wa miaka 6 mpe kibao cha kulalia tu kwenye povu la ufukweni, atafurahi kuliko nyote. Bendera nyekundu na njano ndo sehemu ya kuogelea na vibao vya kulalia, ya mraba nyeusi na nyeupe ni ya mbao ngumu za mawimbi na kayaki, usichanganye. Maji ya Agosti ni nyuzi 16 au 17 hivi, sisi tumezoea 27. Ukitumbukia ghafla pumzi inakatika unahema kama umekimbizwa, hapo usipigane na maji, laza kichwa nyuma masikio yaingie majini, elea mpaka pumzi irudi. Wafundishe watoto wote hilo kabla hawajafika.

Nahodha_Mstaafu
Bi Swansea kasema kweli tupu. Niongeze maji kupwa na kujaa. Bamvua ya kwetu, yaani tofauti ya maji kujaa na kupwa yanapokuwa makubwa, ni mita 4 hivi tunaona kubwa, Tenby inafika 7 na ukiingia ndani zaidi kwenye mlango wa Bristol ni mpaka 14. Pale Tenby maji yakipwa mnatembea kwa miguu mpaka kisiwa cha St Catherine's, watoto watapenda, ila angalia jedwali la maji kabla hamjavuka. Na koustiringi bwana mkubwa asijaribu bila kiongozi, anayejua jabali lipi lina kina saa ngapi ni mtu wa pale. Huo mchezo kama biashara ulianzia hukohuko Pembrokeshire, jimbo lenye Tenby, miaka ya 80 kwa hiyo waongozaji wapo wengi. Avae raba kuukuu. Goti awaambie mapema, kuruka si lazima.

Kijana_wa_Coventry
Nafanya kazi na vikundi vya vijana. Ukimkabidhi mtoto kwa watu wa kayaki au kupanda miamba bila nyinyi kuwepo, uliza leseni yao. Sheria ilipitishwa 1995 baada ya wanafunzi 4 kufa Lyme Bay, ghuba ya kusini mwa Uingereza, wakiwa kwenye kayaki mwaka 1993. Mkiwa nao wenyewe wazazi leseni hailazimishwi, ndo maana inabidi muulize wenyewe mwalimu kasomea wapi.

Halafu mvua itanyesha, Wales hiyo. Siku ya upepo mbaya nendeni msitu wa Brechfa na baiskeli, kama saa moja kwa gari. Njia zina rangi kama zile za kuteleza kwenye theluji, kijani rahisi, bluu, nyekundu, nyeusi ya wendawazimu. Pale ipo inaitwa Derwen, ina ya kijani na ya bluu, wa miaka 6 ataimudu ya kijani kama anajua breki. Tope utalitoa kwenye nguo mpaka Septemba.

MamaTatu
Asanteni jamani. Nimebuku masomo mawili ya mawimbi, mimi na mkubwa, nimeandika kabisa kwenye fomu KWAMBA SIOGELEI. Wa kati atapata ubao wake na kasia kwa muda wa saa mbili na mwalimu, kanuna kidogo ila kakubali. Baba watoto kashalipia koustiringi na ameanza kupanda ngazi za ghorofani mara kumi kila usiku kuandaa goti, sasa hivi nimemuacha kakaa ngazi ya tatu kashika barafu.