Pampu inanipa maziwa kidogo, na likizo ya uzazi inakwisha

Mama Kichanga, Makorora

Assalaam alaykum, na shikamooni mlionitangulia. Mimi ni mwalimu katika shule ya msingi ya binafsi iliyoko upande wa Pongwe, na nimejaliwa mtoto wangu wa kwanza, ambaye Ijumaa iliyopita ametimiza wiki saba. Kwa kuwa nililazimika kuanza likizo kabla ya kujifungua, siku zangu 84 zitakwisha baada ya majuma matatu, na nitarudi darasani mtoto akiwa na wiki kumi tu. Nia yangu ni anyonye maziwa yangu peke yake mpaka atimize miezi sita, kama tulivyofundishwa kliniki, lakini nimekwama.

Dada yangu alininunulia pampu ya umeme. Kila ninapoitumia sipati zaidi ya mililita 30 kwa matiti yote mawili, na chuchu zinauma kiasi kwamba sasa naiogopa. Hata hivyo mtoto akinyonya mwenyewe hushiba na kulala, huloanisha nepi sita au saba kwa siku, na uzito wake umepanda vizuri. Mavyaa, ninayemheshimu sana na ambaye ndiye atakayebaki na mtoto, aliyaona maziwa niliyokamua yamejitenga, juu utando na chini maji ya kibuluu, akasema kuwa ni mepesi, na kwamba maziwa ya mama yakishatoka yakalala humchafua mtoto tumbo. Anashauri tuanze kumpa maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa maji. Sitaki kumvunjia heshima, wala sitaki kufanya hivyo.

Tena nyumbani hatuna friji. Jirani yetu anayo na amekubali kuniwekea maziwa, ila naye ana mtoto wa miezi mitano anayempa maziwa ya kukamua. Naondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi saa tisa na nusu alasiri. Nifanyeje nipate maziwa ya kutosha, na nitayahifadhije katika joto hili la Tanga?

Mkunga Mstaafu

Waalaykum salaam, mwanangu, marahaba, na hongera kwa kujifungua salama. Nimefanya kazi ya ukunga mkoani kwetu kwa miaka mingi, na swali lako nimelisikia kwa wazazi wengi wa kwanza, kwa hiyo nivumilie nikijibu kwa urefu.

Kwanza nikuondolee hofu: kilichomo ndani ya chupa ya pampu hakikuambii una maziwa kiasi gani. Mama anayemnyonyesha mtoto usiku na mchana, kisha akakamua katikati ya kunyonyesha, kwa kawaida hupata mililita 15 hadi 60, kwa sababu mwenye maziwa amekwisha kuyanywa. Kipimo chako wewe ni hizo nepi zilizoloa na kadi ya kliniki inayoonyesha uzito unapanda, na vyote viwili vinasema kuwa maziwa unayo.

Mtoto anaponyonya, chuchu hupeleka habari kwenye ubongo, nao humwaga homoni iitwayo oksitosini, ambayo hubana vifuko vidogo vya maziwa ndani ya titi mpaka maziwa yakashuka. Pampu inavuta, lakini haina harufu ya mtoto, wala joto lake, wala sauti yake. Na mama akiwa na maumivu au wasiwasi, homoni hiyo huchelewa. Kwa hiyo usianze na mashine, anza na mikono. Nawa kwa sabuni, weka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu juu ya titi kwa dakika chache, kisha lipapase taratibu kuelekea kwenye chuchu, na pajani uwe na kanga aliyolalia mtoto. Hata shuleni ichukue hiyo kanga. Harufu yake inafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Washa pampu kwa nguvu ndogo na mwendo wa haraka, na maziwa yakianza kuchuruzika punguza mwendo, uongeze nguvu kidogo kidogo, ukikomea pale ambapo bado huoni maumivu. Kuongeza nguvu kupita hapo hakuongezi maziwa. Baada ya dakika 15 au 20 zima mashine, umalizie kwa mkono: kidole gumba juu, cha shahada chini, sentimita mbili au tatu nyuma ya chuchu, sukuma kuelekea kifuani, kisha bana na uachie, bila kuvuta chuchu wala kuburuza vidole juu ya ngozi. Wengi hushangaa kwa kiasi kinachotoka wakati huo, baada ya mashine kuonekana imemaliza kila kitu.

Kuhusu maumivu, nashuku ule mdomo wa pampu wenye umbo la faneli. Pampu nyingi huuzwa na mdomo wa milimita 24, ilhali chuchu za wanawake hazifanani. Chuchu inatakiwa iende na kurudi ndani ya bomba bila kusuguana na kuta zake, na lile eneo jeusi linaloizunguka lisivutwe kuingia lote. Pima upana wa chuchu kwa rula kabla ya kukamua, kisha utafute mdomo uliouzidi kwa milimita chache tu. Usiendelee kukamua kwa mdomo unaokuumiza, kwa maana chuchu ikichubuka hata kunyonyesha kutakushinda.

Hesabu ya mahitaji yenyewe haitishi. Mtoto wa mwezi mmoja hadi miezi sita hunywa takribani mililita 750 hadi 800 kwa siku nzima, yaani kiasi cha 30 kwa kila saa, kwa hiyo katika saa tisa za kutokuwepo kwako atahitaji kama mililita 270. Anza sasa kukamua mara moja au mbili kwa siku, hasa alfajiri baada ya mtoto kunyonya, wakati matiti ya wengi huwa yamejaa zaidi, na ujiwekee akiba kidogo kidogo. Ukisharudi kazini kamua kila baada ya saa tatu. Utakachokamua leo ndicho atakachokunywa kesho. Usiku mnyonyeshe kila anapotaka, kwa sababu titi linaloachwa limejaa kwa muda mrefu hupunguza kutengeneza maziwa, na linalotolewa mara kwa mara huongeza.

Sasa nimtetee mavyaa wako kidogo, kwa kuwa anasema kwa mapenzi. Mwambie kwa upole kwamba hata maziwa ya ng'ombe yakitulia hufanya malai juu, naye ameyaona maisha yake yote. Ya kwako nayo hupandisha mafuta juu, na chupa ikizungushwa taratibu hurudi kuwa kitu kimoja. Rangi ya kibuluu si dalili ya ubovu. Maziwa yaliyo ndani ya titi hayachachi, hata ukishinda kazini kutwa, na yaliyokamuliwa hayageuki kuwa sumu yakihifadhiwa kwa usafi na ubaridi. Maziwa ya ng'ombe ndiyo yenye protini na chumvi nyingi kuliko figo za mtoto wa umri huu zinavyoweza kuhimili, na kuyazimua kwa maji kunampunguzia chakula na kumfungulia mlango wa kuharisha. Siku ya kliniki nenda naye, umwombe muuguzi amweleze yeye moja kwa moja. Mama mzima hapendi kufundishwa malezi na mkwe wake, lakini muuguzi humsikiliza.

Mama Pacha wa Chumbageni

Dada yangu, pole na hongera. Mimi niliwalea mapacha wangu nikiwa nauza vitambaa Ngamiani, na pampu sikuwahi kuwa nayo. Nilikamua kwa mkono tangu mwanzo mpaka mwisho. Nakubaliana na bibi mkunga katika mengi, ila ningekushauri ujifunze mkono vizuri kuliko kuitegemea mashine, kwa sababu umeme utakatika siku ile ile ambayo matiti yamejaa.

Katika kuhifadhi, tulichofundishwa ni kwamba maziwa hukaa kwa muda usiozidi saa nne mahali penye joto lisilozidi nyuzi 25, siku nne ndani ya friji, na kiasi cha miezi sita kwenye friza. Lakini kuanzia Desemba hadi Machi hapa kwetu nyuzi 25 ni za usiku, siyo za mchana, kwa hiyo usizihesabu hizo saa nne hata kidogo: ukimaliza kukamua, weka kwenye baridi papo hapo. Nunua deli dogo lenye mfuniko unaobana. Gandisha chupa mbili au tatu ndogo za maji kwenye friza ya jirani, uzipange kuyazunguka maziwa, na usilifungue deli ovyo. Barafu ikibaki imeganda, maziwa yanaweza kukaa humo mpaka siku nzima.

Tumia vyombo vya glasi au plastiki ngumu vyenye vifuniko, na uweke mililita 60 hadi 90 katika kila kimoja, kwani mtoto akibakiza hayarudishwi. Yaliyobaki hutumika ndani ya saa mbili au humwagwa, na kumwaga maziwa uliyoyahangaikia kunauma sana. Kwenye friji yakae nyuma kabisa, siyo mlangoni. Yakishaganda yayeyushwe ndani ya friji, yatumike ndani ya saa 24, yasigandishwe tena. Kuyapasha, ingiza chombo ndani ya bakuli la maji ya moto, kamwe usiyachemshe jikoni. Sehemu za pampu zinazogusa maziwa zioshwe kila mara kwa sabuni katika beseni lake lenyewe, na mara moja kwa siku zichemshwe kwa dakika tano.

Kuhusu hiyo friji ya jirani, nina neno moja ambalo sitaki ulipuuze. Andika jina la mtoto, tarehe na saa kwenye kila chombo, na mkubaliane kila mmoja awe na rafu yake. Kwetu Waislamu, kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata hapa pwani, mtoto aliye chini ya miaka miwili akinywa maziwa ya mwanamke mara tano, hata kwa kikombe, huwa ni mwanawe wa kunyonya, na watoto wa mwanamke huyo huwa ni ndugu zake, asioweza kuoana nao. Vyombo vikichanganywa kwa wiki mbili, mtakuwa mmefunga undugu bila kujua.

Na umfundishe mavyaa kumnywesha kwa kikombe kidogo badala ya chupa yenye chuchu. Mtoto akae wima mapajani, ukingo wa kikombe uguse mdomo wake wa chini, maziwa yafike kwenye midomo, naye ayachukue kwa ulimi mwenyewe. Asimiminiwe. Kikombe husafishika kwa urahisi, na mtoto hasahau namna ya kunyonya titi.

Karani wa Raskazone

Mengi yamekwisha kusemwa, mimi nitaongeza la kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayokupa hizo siku 84 (na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja), inamtaka pia mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili za kazi kwa siku kwa ajili ya kumnyonyesha mtoto. Waajiri wengi huzisahau saa hizo, na sisi wenyewe tunaona haya kuzitaja. Mimi nilipoziomba, mkuu wangu wa wakati ule aliniambia kwamba ofisi si nyumba ya uzazi, na nilirudi mezani nikalia; lakini nilipoandika barua fupi ya heshima, nikitaja sheria na kupendekeza ratiba, jibu lilibadilika. Usisubiri siku ya kuripoti. Andika sasa, upendekeze utoke saa mbili mapema, na uombe chumba chochote chenye komeo, hata stoo ya vitabu, kwa dakika 20 wakati wa mapumziko. Ukitoka mapema utakuwa mbali na mtoto kwa saa saba badala ya tisa, nayo mahitaji yatashuka kutoka 270 hadi kama 210.

Mama Kichanga, Makorora

Nawashukuru sana, bibi na dada zangu. Nimepima, na kweli mdomo wa pampu yangu ulikuwa mkubwa mno. Chuchu zangu zina milimita 16. Wakati natafuta mdogo, nimekamua kwa mkono kwa siku tano, na leo alfajiri nimepata mililita 70. Mavyaa alikwenda nami kliniki, akauliza maswali kuliko mimi, na jana amemnywesha mjukuu wake kwa kikombe cha kahawa bila kumwaga hata tone. Barua nimeipeleka, na mwalimu mkuu ameniahidi chumba cha maktaba. Nina swali moja limebaki: tangu jana titi la kushoto lina uvimbe mgumu upande wa kwapani, unaouma nikiugusa. Je, niache kumnyonyesha upande huo?

Mkunga Mstaafu

Usiache, mwanangu. Huenda njia ya maziwa imebanwa, na kuliacha titi lijae kutazidisha uvimbe. Mnyonyeshe kila anapotaka, ukimlaza kwa namna ambayo kidevu chake kinaelekea kwenye uvimbe, ulipapase kwa wepesi bila kulikanda kwa nguvu, na baada ya kunyonya uweke kitambaa cha maji baridi ili kupunguza uvimbe na maumivu. Sidiria inayobana iache kwa sasa. Maziwa ya titi hilo hayana madhara kwa mtoto. Lakini ukipata homa, ukatetemeka kwa baridi, au ngozi ikawa nyekundu na ya moto, au uvimbe usipopungua ifikapo kesho jioni, nenda hospitali bila kungoja, kwa kuwa huenda ukahitaji dawa, na zipo dawa ambazo mama huzitumia huku akiendelea kunyonyesha.