Nimeambiwa nina mguu mfupi, tena mbele ya benchi zima la watu!

FundiPindo:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Sijatia kitu tumboni toka asubuhi.

Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule wa video, mwenye koti jeupe lililonyooshwa pasi mpaka linakata, anayekunja watu kama mashuka halafu unasikia KAA! Jina sitaji, wasimamizi wasije wakanifungia.

Mimi ni fundi cherehani. Mwaka wa 19 huu nimeinamia mashine, kiuno kinauma kama kuna mtu humo ndani anashona magunia. Shemeji akaniambia nenda kwa huyo, kamtibu bosi wake. Nimeenda leo. Elfu themanini ya kumwona tu, hajanigusa hata kidole.

Benchi limejaa. Kina mama, bibi na mjukuu wake, na mteja wangu mmoja. Pazia hakuna. Nimelazwa kifudifudi na viatu vyangu, simu inarekodi. Anashika visigino vyangu, anavuta, anawageukia watu na kutangaza kama mpiga debe wa Mbagala: "Mnaona? Mzee huyu mguu wa kushoto ni mfupi sentimita mbili. Ndiyo maana mambo yake hayaendi!"

Mguu mfupi. MIMI!

Wakuu, kazi yangu ni kupima miguu ya watu. Suruali zangu nazishona mwenyewe, inchi 41 kushoto, inchi 41 kulia. Ningekuwa na mguu mfupi kwa sentimita mbili, pindo lingekuwa linafagia lami tangu awamu ya nne!

Hata kuuliza hakuuliza, kanidaka kichwa, KAA! Shingo! Mimi nimepeleka kiuno. Mtu akiniletea suruali nipunguze kiuno, namkata mikono ya shati? Kisha akavuta miguu tena: "Sasa imelingana!" Benchi likapiga makofi. Mtu wa miaka 46 kaota sentimita mbili kwa sekunde nne, hata muhogo hauoti hivyo.

Baada ya hapo nikaambiwa nilipie vikao 24, milioni moja na laki sita, la sivyo pingili zitaoza.

Nimerudi kibandani nikatoa tepu. Nimejipima mara sita. Mke wangu kanipima. Kijana wa vifungo kanipima. Sawasawa! Na video ameshaiweka: MZEE MGUU MFUPI APONA.

Hii ni tiba au mazingaombwe? Anayejua aseme. Ila mguu wangu si mfupi.

kigoda_cha_mnazi:
Pole mkuu. Weka picha ya miguu yote miwili tuamue.

Nyanda77:
Nimekaa paleee nasubiri wenye mgongo.

Mnyooshaji:
Mimi ni mfiziotherapia, nimeshika migongo miaka kumi na tano. Ujanja wa mguu ni wa kiatu, mkuu. Akivuta kiatu kimoja kidogo, soli inachungulia na mguu unaonekana mrefu. Akikisukuma kinarudi, umepona. Na ule mlio si mfupa unaorudi mahali pake. Ni gesi kwenye majimaji ya kiungo, kama unapovunja vidole.

Mambo haya ya kusukuma pingili za mgongo, yanaitwa kiropraktiki, yalianza 1895 huko Davenport, Iowa, Marekani. Daniel David Palmer, aliyekuwa akitibu watu kwa alichokiita nguvu za usumaku, alimsukuma pingili ya mgongo mfanya usafi aliyeitwa Harvey Lillard, akadai kamrudishia usikivu. Sasa mshipa wa fahamu wa kusikia unatoka sikioni kwenda ubongoni humohumo kichwani, mgongoni haufiki! Baadaye Palmer akaandika kwamba magonjwa 95 katika kila 100 yanatokana na pingili zilizohama.

Kinachonitisha mimi ni hiyo shingo. Kuna mishipa miwili ya damu inapita ndani ya pingili za shingo kwenda ubongoni. Ukizungushwa ghafla, ukuta wake unaweza kuchanika, damu ikaganda, ukapata kiharusi. Ni nadra, lakini hutokea. Ukisikia kizunguzungu, maumivu makali ya shingo au kichwa ambayo hukuwa nayo, ulimi mzito, kimbia hospitali usiku huuhuu.

FundiPindo:
Ahsante mkuu. Kizunguzungu sina, nina hasira. Na viatu vilikuwa vya kudumbukiza! Vya kudumbukiza, mnaelewa? Yaani alikuwa anavuta kiatu!

mrembo_wa_njiro:
Acheni chuki. Mimi nilikuwa siwezi kuinama kufunga kamba za viatu. Mtaalamu mmoja wa kiropraktiki wa Nairobi kanishughulikia mara tatu, leo nalima bustani. Marekani wanasomea miaka na majimbo yote yanawapa leseni. Chama cha madaktari cha kule kiliwapiga vita mpaka wakakishtaki mwaka 1976, na 1987 jaji akasema kweli madaktari walikula njama ya kuwasusia. Tatizo ni huyo wenu, tiba haina kosa.

Mnyooshaji:
Dada, jaji aliamua kuhusu kususiwa, hakuamua kwamba miguu inaota. Kwa maumivu ya kiuno sikatai, kunyooshwa kwa mikono kunapunguza kiasi, karibu sawa na mazoezi. Na kiuno kilichoanza kuuma juzi mara nyingi hupoa chenyewe ndani ya wiki chache, kwa hiyo aliyekugusa katikati ndiye anayevuna sifa. Uingereza, mwandishi wa sayansi Simon Singh aliandika 2008 akiwapinga watu wa kiropraktiki waliodai kutibu pumu na msokoto wa tumbo wa vichanga. Chama chao kikamshtaki, 2010 kikaiondoa kesi chenyewe.

mrembo_wa_njiro:
Bustani yangu ipo, njoo uione.

Babu_Kizota:
Elfu themanini? Kinyozi wangu anakuvunja shingo bure baada ya kukunyoa.

Nyanda77:
Huyo kinyozi naye aache. Alinivunja bila kuniambia, siku mbili nikawa nageuka mwili mzima kama lori.

FundiPindo:
Turudi kwenye mada. Mbele ya bibi na mjukuu wake, mtu ananiambia mguu mfupi!

Suti_ya_Juni:
Fundi, mimi ndiye niliyekuwa kwenye benchi. Mguu sikuuangalia, nilikuwa nakuangalia wewe. Suti yangu iko wapi? Harusi ilishapita, nimesimama na bwana harusi nikiwa na shati la kazini!

kigoda_cha_mnazi:
Heee! Uzi umegeuka.

FundiPindo:
Suti iko tayari, bado vifungo. Hilo tuzungumze pembeni, hapa tunajadili utapeli.

mama_vitenge:
Tusizungumze pembeni, tuzungumze hapahapa! Mafundi mmetutesa. Nimepeleka kitenge yadi sita, nimerudishiwa gauni la yadi tatu, na mtoto wa fundi Jumapili kanisani kavaa ua lilelile.

Babu_Kizota:
Wangu alishona mfuko wa suruali ukatazama nyuma. Naingiza mkono, simu inaanguka.

mrembo_wa_njiro:
Hapo sasa naungana nanyi. Fundi wa Arusha kanipa kipimo cha mtu mwingine, akasema nipungue.

FundiPindo:
Wakuu. Mguu.

Suti_ya_Juni:
Vifungo vinachukua miezi minne?

Nyanda77:
Samahani fundi, kwa kuwa uko hewani: suruali ya mzee mnene inakula mita ngapi?

FundiPindo:
Kitambaa cha upana wa inchi 60, mita moja na nusu inatosha. Na miguu yote sawa, kama yangu.

mama_vitenge:
Usimpelekee! Atakwambia njoo Jumamosi.

Suti_ya_Juni:
Muulize Jumamosi ipi.