Mafunzo ya kanzidata: nilipe au nijisomee?

Mpimamizani: Wakuu, habarini. Natunza kanzidata (hifadhi ya data ya kompyuta) ya kampuni inayonunua mahindi na alizeti. Ghala liko Kibaigwa, vituo vya kununulia viko Mpwapwa na Kondoa, ofisi iko hapa Dodoma mjini. Kila mzigo ukipimwa unaingia PostgreSQL, programu yetu ya kanzidata. Msimu ukichanganya, ripoti ya jioni inasubiriwa mpaka mhasibu anakasirika, na mtandao ukikata Mpwapwa wanarudi kwenye daftari. Bosi anataka nikasome kozi ya wiki moja: modeli za nyaraka, za grafu (data kama mtandao wa mahusiano), na kanzidata zilizosambazwa kwenye seva nyingi. Ada ni sawa na mshahara wangu wa miezi miwili, na nusu ya ada hiyo natoa mimi. Inalipa?

Kijana wa Nkuhungu: Nenda mkuu, cheti kinasaidia kwenye usaili.

Dada Seva: Mdogo wangu, usitoe hela bado. Una matatizo mawili tofauti na umeyafunga fungu moja.

Ripoti kuchelewa si sababu ya kuhama PostgreSQL. Iendeshe hiyo kweri (ombi la data) ya ripoti kwa EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha inavyotekelezwa. Ukiona Seq Scan, inasoma jedwali zima kutafuta mizigo ya siku moja. Hata nyaraka zisizofanana umbo, JSONB (aina ya data ya kuzihifadhi) imo humo tangu toleo la 9.4 la mwaka 2014. Grafu sioni utaifanyia nini.

Mpwapwa ndiko kwenye somo lenyewe. Mwanasayansi wa kompyuta Eric Brewer alilisema mwaka 2000: mtandao ukikatika kati ya seva, unachagua data iwe sawa kote au huduma iendelee. Bahati yako, mzigo uliopimwa ni rekodi mpya, haugusi ya zamani. Kituo kiandike kwenye mashine yake kwa namba za UUID (utambulisho usiojirudia), mtandao ukirudi zitumwe bila kugongana. Salio la mkulima ndilo lisiamuliwe sehemu mbili. Hapo ningekubali malipo yasubiri.

Kwa hiyo muulize mwalimu: tutakata mtandao kati ya seva kwa mikono yetu na kuona kinachotokea? Kama ni slaidi tupu, mihadhara ya Andy Pavlo, mwalimu wa kanzidata wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon, iko YouTube bure, na ni mizuri mno.

Mpimamizani: Dada, asante sana. Nimeendesha, ni Seq Scan kweli. Naweka indeksi (faharasa ya kutafutia haraka) ya kituo na tarehe sasa hivi?

Dada Seva: Weka, ila kwa CREATE INDEX CONCURRENTLY. Ile ya kawaida inazuia kuandika mpaka imalize, na saa hizi Kibaigwa bado wanapima.